Fomu Namba Tisa

Nilifika saa saba na robo, faili kwapani,
kalamu ya bluu mfukoni, uso nimeuvalisha serikali.
Feri, Mtwara. Bati nane, nguzo sita za boriti,
benchi lenye msumari unaozijua suruali za watu.
Bango hakuna. Watu husema tu: kwa Somoe.

"Mafuta yamebadilishwa lini?" niliuliza nikiwa bado wima.
Hakugeuka. Alikuwa anamchanja changu ubavuni,
mikato mitatu huku, mitatu huku,
na chumvi akiisukuma ndani kwa kidole gumba
kama anayemfunga mtoto vifungo vya shati la shule.
"Jana jioni. Kaa. Mwenye njaa haandiki sawa."

Nikakaa. Msumari ukanisalimia.

Nikaandika: Paka, watatu.
(Mmoja ana jicho moja, na hilo moja lilikuwa juu yangu.)
Nikaandika: Maji ya kunawa, yapo, ndoo ya koki.
Sabuni, kipande.
Nikafuta. Kipande cha kipande.

Ndipo changu akaingia mafutani.
Kwanza zogo, kama ukumbi mzima umeambiwa
bwana harusi amebadilika;
kisha minong'ono;
kisha, polepole, kila mtu anakubali.

Mimi ni wa Manyoni. Kwetu samaki alifika kwa treni,
amekauka, amekunjwa, hana habari yoyote ya bahari.
Mama alimloweka usiku kucha
na asubuhi bado alikuwa mbao.

Huyu aliletwa mzima, mkia umepinda kwa moto,
sahani ya bati yenye ua jekundu lililochubuka,
ndimu nusu, pilipili iliyotwangwa na chumvi ya mawe,
na ming'oko ya kuchemsha, michafu kwa sura, safi kwa roho,
mahali ambapo ofisini tungetegemea chipsi.

Nikamzunguka kwa macho kama mtaa nisioujua.
Mpakuzi wa korosho aliyekaa mkabala,
vumbi la magunia bado liko kwenye kope,
akasema mdomo ukiwa umejaa: "Anza na shavu."
"Lipi?"
"La samaki, bwana afya. Langu liache."

Nikapenyeza kidole nyuma ya jicho.
Likatoka, dogo kama ukucha wa gumba,
jeupe, la moto, linavuja.
Nililiweka ulimini
na swali la nne la fomu likanipotea.

Nilikula. Ngozi ilivunjika kwa sauti.
Mwiba ulinichoma nikamsamehe.
Tone la mafuta likadondokea kisanduku cha Hali ya Jumla,
karatasi ikageuka kioo,
na kupitia kioo hicho, kwenye ukurasa wa chini,
nikalisoma jina langu na cheo changu.

Kisha nikafunga faili taratibu,
taratibu ile ya anayesubiri kuambiwa,
kama anavyoambiwa kwingine: acha tu, mkubwa.

Somoe akafuta mikono kwenye kanga.
"Elfu sita na mia tano."
"Nilidhani..."
"Ukila bure utaniandikia uongo.
Na uongo wenu una mhuri."

Nikatoa elfu kumi. Chenji ilinuka ndimu;
sarafu moja ilikuja na gamba lake.

Nikaandika: Mafuta yabadilishwe kila siku.
Beseni la pili linunuliwe. Sabuni nzima.
Siku kumi na nne.
Alisoma mwenyewe, midomo ikitembea,
akaweka kidole kwenye beseni.
"Hili kweli," akasema. "Hilo la paka
kawaandikie wao wenyewe."
Akatia sahihi, herufi kubwa, zimesimama wima.

Nilirudi siku ya tano.
Kukagua, nilijiambia njia nzima.
Beseni halijafika. Paka, wanne.
Faili nililisahau mezani kwangu ofisini.
Yule mpakuzi akasogea kidogo kunipisha,
nami nikakaa
mbali na msumari.