Nzi wa Manyoya

Mwezi wa kumi na moja, Wadi Bani Khalid.
Maji yamepoa, tende zimeshavunwa.
Mjomba Hilali anafunga nzi wa bandia:
unyoya wa jogoo wa jirani,
uzi aliouchomoa kwenye kishada cha kanzu yake,
ndoana ndogo, punje ya ufuta.

"Huku hakuna samaki wa hivyo," namwambia.
Hajibu. Miaka kumi na tisa ya Uskoti
imemfunza kushindana na mto kwa ukimya.

Anarusha. Uzi unaandika hewani
lamu,
kisha alifu, kisha hakuna.

Vinakuja visamaki, vile vidonoa-nyayo,
vinamnusa nzi, vinampuuza,
vinarudi kwenye vidole vya mjomba.

Anacheka hadi kofia inaelea majini.
"Vimeshanijua," asema. "Chambo ni mimi."