Daftari la Stoo

Aprili niliandika Vevu Kliko.
Mei, kwa kalamu nyekundu, Veve Clikot.
Juni bosi mwenyewe akaandika Viuvu, akapiga mstari,
akaniachia kazi.
Chupa ni ileile, haijasogea,
imekaa kati ya kreti za soda na dumu la mawese,
lebo yake njano
kama kiini cha yai la kienyeji.

Sikusoma shule ambayo herufi zinalala.
Kwa Mwalimu Bihame, kule Kasulu, kila herufi ilikuwa na zamu:
ukiandikwa, unatamkwa; hutamkwi, unafutwa.
Sasa hizi, kumi na tatu!
Q nimeitafuta katika methali zote za mama yangu, haimo.
T ya mwisho imekaa tu
kama mjumbe wa kamati aliyelipa mchango
asiulizwe neno.

Harusi ya Gungu wakaitaka, moja tu,
ya kupigia picha.
Zabloni mshereheshaji akapanda kilima hadi stoo,
karatasi mkononi, koti la kukodi begani:
"Dada, nisije nikaaibika mbele ya watu wa Dar.
Hii kitu inaitwaje?"
Tukaijaribu wote wawili, tumeinama juu ya chupa
kama wakunga.
Vuvu. Vewuve. Vyuvi.
"Hiyo ya mwisho umepiga chafya," akasema.
Nikamwambia, hujui, labda ndiyo yenyewe.

Aliyetuokoa ni Mauwa,
aliyeshuka Kibirizi alfajiri na boti ya Kalemie
kuniletea kitenge na kunidai cha mwezi uliopita.
Akacheka mpaka akakalia gunia la sukari.
"Mama, sema e,
lakini mudomo uweke sawa unapuliza moto.
Hapo. Usimalize. Iache ikufie mudomoni."
Zabloni akapuliza. Nikapuliza.
Stoo nzima ikanuka vitunguu vya mshereheshaji.
"Na maana yake?"
Mauwa akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.
"Mujane. Ni mvinyo ya mujane.
Mama Kliko, bwana yake alikufa."
Alishasema ndipo akakumbuka
anaongea na nani.

Miaka sita kasoro mwezi.
Neno hilo nalijua kwa fomu: hali ya ndoa, weka alama.
Karani wa mafao aliandika Mtibakunze,
nikarudishwa. Akaandika Ntibakuze,
nikarudishwa. Nauli ya treni mara tatu
kwa herufi moja ya mume wangu
ambayo kwetu hata kibogoyo anaitamka.
Hakuna aliyepanda kilima na karatasi
kuniuliza, dada, nisije nikaaibika,
jina la marehemu linatamkwaje.

Jumamosi Zabloni akashika kipaza sauti.
Wiki nzima alikuwa akipuliza moto, mkewe akidhani ni pumu.
Akavuta pumzi, akasema,
na alisema vizuri, Mungu shahidi,
akaiacha imfie mdomoni kama alivyofundishwa.
Hakuna aliyesikia. Kizibo kilishagonga feni,
vigelegele vilishapanda,
bibi harusi anafuta povu kwenye shela,
shangazi wa bwana harusi anauliza
soda gani hii isiyo na sukari.
Mimi nilisikia. Nilikuwa mlangoni na trei.

Jumatatu nikafungua daftari.
Aprili, Mei, Juni, makosa yetu yamepanga foleni.
Sikusahihisha hata moja.
Nikaandika: Mjane, 1. Imetoka.
Na kwenye sahihi, ambako siku zote nachora mkia tu,
nikaandika NTIBAKUNZE,
herufi kumi, zote zina kazi.

Mkaguzi anakuja Septemba.
Atauliza.