Ung'oe Kwanza

Tengeru, nyuma ya zizi, umande haujakauka.
Nimeshika lenzi, nahesabu vidole vya suke:
vinne, vitano. Vitano ni vya yupi?
Ukoka huu, ukoka ule,
ndugu wa ziwa moja.

Elinaike anaweka mundu chini.
"Acha kuhesabu. Ung'oe."

Wa kwanza unakuja wote, kamba juu ya udongo;
huo ng'ombe wake anausubiri.
Wa pili unakatikia mkononi.
Chini limebaki shina jeupe, nene,
litarudi kwenye maharage kabla ya Pasaka.

Naandika. Tope hadi kwenye pete.

Watu walitufananisha, mimi na Nsia.
Yeye alihama na kitanda, sufuria,
hata picha za ukutani.
Mimi, kila nikiondoka,
kitu hukatikia humu chini.