Gia Kibogoyo

Nimelala chali, kichwa kati ya pedali,
miguu inaning'inia nje ya mlango,
na theluji ya Rustavi inaniingia soksini.
Baba ameshika tochi. Anaangazia kila kitu
isipokuwa ninapotazama.

– Betri umechomoa?
– Nimechomoa.
– Umesubiri? Ule mfuko wa hewa hauna adabu.
– Nimesubiri, baba. Si tumekunywa chai?

Bolti tatu za kichwa cha nyota.
Ya tatu iko mahali ambapo aliyeikaza
hakuwazia kabisa kwamba kuna siku itatolewa.
Naipapasa kwa vidole viwili, kama anayetafuta
jino la mtoto lililolegea.

Mota ikatoka, ndogo kama yai la bata.
Nikaipasua: gia ya plastiki, kibogoyo,
upande mmoja ufizi mtupu.
Ndiyo maana ilinguruma tu, ikanguruma,
na usukani hausogei hata unywele.

Nyingine nimeitoa kwa Zaza wa vyuma chakavu,
kwenye gari lililopondwa ubavu;
lari arobaini, na kiapo kwa watakatifu
ambao nusu yao aliwatunga palepale.
Nikaipaka grisi. Nikaibana. Nikarudisha waya.
– Haya, baba. Kaa. Bonyeza.

Usukani ukaanza kushuka.
Nilijua utasimama palepale pa zamani,
pa yule Nugzari wa teksi za usiku hadi Batumi,
kifua kama kabati.
Haukusimama.
Ukashuka, ukamsogelea, ukashuka tena,
na kidole chake hakiachii kitufe,
mpaka nikageuza uso, nikajifanya nafuta spana.
– Hapo, akasema.

Ndipo nilipouona mto aliokalia,
ule wa sofa, wa maua, uliopotea tangu mavuno ya zabibu.
Mama aliwashuku watoto wa dada.
Kumbe muda wote huo
alikuwa akinyoosha mikono kuufikia
usukani wa mtu mrefu kumzidi,
mtu huyohuyo.

– Magari haya ya Kijerumani, anasema,
wanayapimia majitu.
– Kweli, nasema.

Skrubu moja imebaki kiganjani, sijui ni ya wapi.
Ananiona nikiitia mfukoni.
Namwona akiusukumia mto chini ya kiti.
Hatudaiani.