Kona Nilizozijua kwa Magoti

Rangi mpya ni ya kijani, lakini jua likipiga ubavuni
msalaba mwekundu bado unachungulia, kovu chini ya shati.
Tuliinunua mnadani, hospitali ilipoichoka.
Anyelwisye akatoa machela, akapiga mbao,
akaweka godoro, jiko la gesi,
na vikombe akavitundika kwenye ndoano zile zile
nilizokuwa nikitundikia dripu.
Siku ya nne leo tunalala ndani yake:
Isyonje kwenye baridi ya viazi, Kiwira, jana Tukuyu,
ambako mvua ilitupigia bati usiku kucha bila kubisha hodi.

Asubuhi anasema, "Sista, leo ukae mbele.
Nikuonyeshe njia yako."

Njia yangu!
Miaka kumi na tisa niliishuka na kuipanda,
yeye kwenye usukani, mimi nyuma,
nimepiga magoti kando ya mke wa mtu,
vioo vimepakwa rangi nyeupe ili wapita njia wasituone,
nasi tusiwaone.

Ndiyo hii, basi.
Chai imekatwa usawa mmoja, kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule.
Migomba, halafu migomba, halafu bibi
mwenye mwavuli uliovunjika mbavu, anauza maparachichi kwa ndoo
na hatupunguzii hata shilingi.
Ushirika navua sweta.
Ipinda navua soksi.
Kakao zimening'inia kwenye shina lenyewe
kama vitu mtu alivyovisahau akienda msibani,
na mpunga umesimama majini, kimya, unanukia hata kabla ya chungu.

"Hapa," anasema, "ndipo milima ya ng'ambo hujitokeza mara ya kwanza."
"Hapa," nasema, "ndipo Gwantwa alipozaliwa. Darajani. Alitanguliza miguu."
Anaachia mafuta. Hakujua kwamba ni hapa.
"Mimi nilisikia bati tu."

Bati la nyuma ya kiti chake ndilo lilikuwa simu yetu.
Nikigonga mara moja: kaza mwendo.
Mara mbili: simama.
Mara tatu: hakuna haraka tena.

Kisha ziwa.
Halikupiga mbiu. Tulikunja kona, likawa limeshafika,
la buluu mpaka likaniudhi,
na Milima ya Livingstone imeingia majini bila kuvua viatu.
Barabara ikajibana ufukweni hadi Matema,
mchanga huku, miembe kule, usipa wameanikwa wanameta.
Mama wa Kikisi alikuwa akipanga vyungu vya Ikombe, midomo chini.
Nilinunua kimoja nisichokihitaji.

Tukala mbasa wa kuchoma. Au yeye alikula.
Mimi nilikuwa nimekasirika.
"Vyote hivi vilikuwa nje ya ile rangi," nikamwambia,
"wewe unavitazama kila safari, na hukunena!"
Akachambua mwiba mmoja, akauweka pembeni ya sahani.
"Ningenenaje? Nyuma mtu analia,
nigeuke nikwambie ziwa ni zuri?"

Wimbi likaja, likarudi na ndala yangu moja.
Akaikimbilia, suruali ikaloa mpaka magotini,
nikacheka kabla sijamaliza kununa.

Kurudi, akanipa ufunguo.
Leseni yangu ina miaka miwili, na gia ya tatu bado hatuelewani.
Akapanda nyuma, akafunga mlango mwenyewe,
akalala pale walipolala wao.
Nikaendesha taratibu, jua likiwa begani,
nikisikia vikombe vikigongana na chungu kikinung'unika,
na yeye akisema "aa" kwenye kona ya kwanza,
"aa" kwenye ya pili,
kwenye ya tatu hakusema kitu.

Karibu na daraja la Gwantwa bati likagongwa.
Mara mbili.
Nikasimama, nikazunguka mbio, nikafungua.
Alikuwa ameketi, ameshika magoti yake.
Hakuwa anaumwa. Hakuwa na haja ndogo.
Alitaka kujua tu
kama kule mbele kunasikika.