Pointimani

Miaka thelathini na moja nilishika chuma.
Wenzo namba nne, Mwanza.
Wenzo namba saba, Kigoma.
Namba mbili ulikuwa mgumu, ulitaka kusemeshwa:
ukiuvuta kwa hasira unakugomea,
ukiuvuta taratibu, na neno la pole, unakuja.

Neno lile hakuna aliyenifundisha.
Niliokota mwenyewe, usiku wa mvua,
mabehewa kumi na manane ya chumvi ya Uvinza
yakisubiri nje ya mji, na dereva akipiga honi
kama mume aliyefungiwa mlango.

Halafu wakaleta kioo.
Kilikuja kwenye boksi, kimeviringishiwa sponji,
na binti mmoja, injinia, Kalunde Masanja,
umri wa kitindamimba wangu.
"Baba, hapa unagusa tu."
Nikagusa. Hakuna kitu.
"Kidole chako kina sugu," akasema, "hakikusikii."
Tukacheka, yeye kunizidi.
Wiki nzima nikawa naramba kidole
kama mhesabu noti
ili reli za Tabora zinielewe.

Nisidanganye, nilichukia.
Si yeye. Ule wepesi.
Treni ya tani mia nane inageuzwa njia
kwa mguso wa kufukuza nzi?
Nilirudi Isevya mabega hayana habari,
usiku mikono ikalivuta blanketi,
ikalivuta, ikalivuta,
mpaka Nyamizi akauliza gizani:
"Leo unanipeleka Kigoma au Mwanza?"

Machi wakaniaga. Soda, keki, hotuba mbili,
na saa ya ukutani,
kana kwamba muda ndio niliopungukiwa.

Siku ya kwanza nilipanga viatu.
Ya pili nikavipanga tena.
Ya tatu nikaenda kusimama kwenye uzio wa stesheni
nikihesabu mabehewa.
Mlinzi, kijana mgeni, akaniuliza kwa adabu
namsubiri nani.

Sikuwa na jibu.
Nikalibeba swali lake hadi nyumbani
kama mzigo wa abiria aliyeshuka akausahau.

Nyamizi ana mizinga arobaini porini, njia ya Sikonge.
Miaka yote nilijua tu ana "mambo yake ya nyuki."
Asali nililamba, mkono ulioivuna sikuuliza habari zake.
Sasa ananivalisha wavu kichwani,
ananibana mikono ya shati kwa mpira wa baiskeli:
"Usiupumulie mzinga. Usiwe na haraka. Simama kama mti."
Nikasimama, mti mwoga.
Nyuki mmoja akaipata njia ya kola
na mimi nikaipata njia ya barabara,
mbio, mzee wa miaka sitini,
wanawake wa kikundi wakiketi chini kwa kicheko.
Mama Mihambo mpaka leo ananiita Ekspresi.

Nimekuwa mwanafunzi wa mke wangu.
Ananituma maji. Ananisahihisha moshi.
Kuna asubuhi linaniuma hilo kuliko nyuki,
na kuna asubuhi namtazama anavyotembea kati ya miyombo
nikajiuliza nilikuwa zamu gani
alipojifunza yote haya.

Juzi mfuniko wa mzinga wa kumi na mbili
ulikuwa umegandishwa kwa nta.
Nikauvuta, ukagoma.
Nyamizi akasogea anisaidie, nikamwashiria ngoja.
Nikaulegezea mkono.
Nikasema lile neno.

Ukaja, na harufu yake yote.

"Umeuambia nini?"
"Pole."
Akanitazama kupitia wavu, kwa muda,
kisha akasema mtu anayeomba radhi kwa mbao
atafute mzinga wake mwenyewe.

Nimeupata. Nimeupaka rangi ya samawati iliyobaki kwenye mlango,
nikauandika namba saba.
Nimepaka nta ndani, nimeutundika pahali pa kivuli.
Bado hauna hata nyuki mmoja.

Mlinzi yule akiniuliza tena,
nina jibu.