Mizani ya Unga

Juu ya mizani ya unga, ile anayopimia Sinikka
iliki na sukari ya mikate ya Jumamosi,
nimelaza kinga ya mkono ya bunduki yangu:
gramu mia nne ishirini na sita.
Alumini nene, reli pande zote nne,
kama nyumba ya mtu asiyewaamini majirani.

Nje, Kajaani imelala chini ya theluji ya Machi, ile chafu.
Mashindano yamebaki wiki sita.

Mwaka jana, kituo cha nane, nikilenga wima,
shabaha ilianza kucheza.
Haikucheza yenyewe. Ni kiwiko changu cha kushoto,
kilichokaza mabomba miaka ishirini na miwili
chini ya sinki za watu,
kilichokuwa kikiomba ruhusa ya kwenda nyumbani.
Mtutu ukainama kama msinziaji kanisani.
Risasi mbili zikazikwa kwenye tuta la mchanga.
Paavali, nyuma yangu na saa yake, akasema:
"Uzito wako uko mbele mno."
Kusema ni bure. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nina euro mia moja na arubaini.
Si mia na arubaini na moja:
meno ya Aune yanataka waya, gari linataka tairi.

Ya nyuzi za kaboni ina gramu mia na sabini
na bei ya euro mia tatu na tisini.
Niliishika dukani Oulu, nyeusi, inang'aa
kama mgongo wa mbawakawa,
nikairudisha kwa mikono miwili
kama mtoto wa wenyewe.

Ya euro hamsini na tisa haina jina la fundi.
Nyepesi, naam. Lakini nilipindua skrubu moja tu
nikajua meno yake yalikatwa kwa haraka;
mtutu ukishika moto, italegea.
Maisha yangu yote nimelipwa kuziba
uvujaji wa vitu rahisi.

Aune, miaka kumi na mmoja, akachukua penseli.
"Ya kaboni, baba, kila gramu unayopunguza
ni euro moja na nusu, na chenji."
Kisha akalitazama tumbo langu.
"Na hizo je, ni bei gani?"
Sinikka akageukia jiko haraka.

Nikashika bisibisi. Nikatoa vifuniko vya mpira,
kishikio cha wima nilichokinunua kwa sababu ya picha,
tochi ambayo haijawahi kuona giza.
Haba na haba hujaza kibaba:
nilikijaza mwenyewe, kisha nikakilaumu kibaba.

Jumapili nikamwendea Heimo Karppinen
na mizani ndani ya mkoba.
Alikuwa akiuza yake: alumini nyembamba, matundu mengi,
mkwaruzo mrefu ubavuni.
"Gramu mia mbili arubaini na nane," akaapa.
Mizani ikasema mia mbili hamsini na moja.
Tukaitazama sote wawili.
"Rangi hiyo," akasema, akapunguza euro tano.
Mbona unauza? nikamuuliza.
"Macho. Nukta nyekundu naiona mbili,
na zote nazipenda."
Akanipa na nati yake, na spana, na kahawa.
Mia moja na tano. Nilirudi na chenji mfukoni
na aibu kidogo, sijui ya nini.

Aprili, mvua yenye theluji. Kituo cha nane.
Shabaha ilisimama kama posta.
Nilikosa moja, kwa pupa tu,
na pupa haipimiki jikoni.
Nilikuwa wa thelathini na moja. Mwaka jana, wa thelathini na nne.

Jumamosi ile Sinikka alisugua mizani kwa siki mara mbili.
Hata hivyo mikate ilitoka na harufu, kwa mbali,
ya mafuta ya bunduki.
Aune alikula mitatu. Mimi nikala mmoja,
nikautazama wa pili.